Siku moja maishani mwangu: anayenitisha ni yule asiyelia

Saa 12 asubuhi. Daladala ya Buhongwa imejaa, nasimama hadi mjini Mwanza. Mimi ni muuguzi; saa 1 napokea zamu idara ya dharura.

Saa 2:40. Mama anaingia mbio na mtoto wa miaka miwili aliyemwagikiwa uji kifuani. Mtoto analia korido nzima inageuka. Kifua kimepakwa dawa ya meno (ute wa yai na unga wa ngano nao nimeshaukuta).

"Ameungua saa ngapi, mama?"

"Sasa hivi tu, sista."

Basi maji bado yanasaidia: bombani dakika 20, sehemu nyingine tumezifunika kanga asipate baridi. Dawa ikitoka naona malengelenge, chini pabichi. Nabonyeza kidogo, panapauka. Naachia, rangi inarudi: damu bado inapita. Vitabu vinasema tazama wekundu, ila kwenye ngozi zetu wekundu hujificha. Mimi naamini kidole. Napima kwa kiganja chake mwenyewe, vidole vikiwemo; kila kiganja ni asilimia 1 ya mwili. Vimetoka vitano. Kwa mtoto, dripu huanzia asilimia 10, kwa hiyo haihitajiki. Tunampa dawa ya maumivu, tunafunga.

Saa 4. Wavuvi wanamleta mwenzao kutoka visiwani. Karabai imemlipukia wakivua dagaa. Katembea mwenyewe, kanisalimia vizuri, hata benchi linamwona wa kusubiri. Nampitisha mbele. Sauti haijakwaruza, nywele za puani nzima, afadhali: njia ya hewa haionekani kuungua. Lakini mkono wote umeungua, na kifua chote. Ngozi ni nyeupe, kavu, imekaza kama ya ngoma. Nabonyeza: haibadiliki.

"Hapa wala hapaumi, sista," anasema, karibu atabasamu.

Hapaumi kwa sababu neva zimeungua.

Kwa mtu mzima mkono ni asilimia 9 ya mwili, kifua 9: jumla asilimia 18. Kilo 60. Maji ya dripu: mililita 4 mara kilo 60 mara asilimia 18, lita 4 na ushee kwa saa 24, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Saa hizo zinahesabiwa tangu alipoungua, saa 10 alfajiri, si tangu alipofika mlangoni. Sita zimeishia ziwani. Daktari wa zamu anaagiza kanula mbili, vijirija vya kupitishia dripu mshipani. Mimi nagusa vidole vyake kila mara, maana ngozi iliyokaza kuzunguka mkono hukaba damu kama kamba.

Chai sikunywa.

Saa 9. Mkojo wa mvuvi umeanza kuonekana kwenye mfuko wa mpira wa mkojo, njano hafifu: dalili kwamba maji yanamfikia. Nawaeleza wenzake kwamba atalazwa, na huenda akapandikizwa ngozi. Mmoja ananiuliza kama kesho wanaweza kuondoka naye. Dagaa hawajaanikwa.