Chokaa ilinishinda wiki mbili: nilivyoitoa urani kwenye maji ya mgodi

Naandika haya kwa sababu bado nakutana na watu wanaoniambia urani (madini yenye mionzi) iliyomo kwenye maji inaweza kuondolewa kwa kutia chokaa tu. Haiondoki. Nimepoteza wiki mbili za maisha yangu kwa ushauri huo.

Nilikuwa mwaka wa mwisho Freiberg, Ujerumani, kwenye chuo cha madini kilichoanzishwa 1765. Kazi niliyopewa ilihusu maji ya mgodi uliofungwa wa Schlema, milima ya Erzgebirge. Kampuni ya Wismut ilichimba urani katika eneo lile tangu 1946 hadi 1990, na mali yote ilikwenda Muungano wa Kisovieti. Mgodi unapokuwa hai, pampu hukausha mashimo usiku na mchana. Ukifungwa, maji hupanda. Yakipanda hupita kwenye miamba iliyovunjwavunjwa, yakakusanya urani, radiamu (nayo ina mionzi), aseniki ambayo ni sumu, na chuma. Yakiachwa yajitokee, yanaishia mto Zwickauer Mulde. Ndiyo maana yanavutwa juu kwa pampu na kusafishwa kwanza, na kazi hiyo ni ya miongo, si ya miaka miwili mitatu.

Maji yenyewe yalifika maabara kwenye madumu. Safi, hayana harufu, ungeweza kumkaribisha mgeni kwa glasi yake. Hilo lilinitisha kuliko kama yangekuwa machafu.

Kaka yangu mmoja, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya maji huku nyumbani, aliniambia kwa simu: "Mdogo wangu, tia chokaa, koroga, subiri yatulie, tope litabeba kila kitu." Nikatia. Chuma kikashuka, aseniki ikapungua. Nikapeleka maji ya juu yakapimwe: urani iko palepale, karibu yote. Nikampigia. "Ongeza chokaa." Nikaongeza, mara ya tatu, mara ya nne. Tope likajaa nusu ya bika (chombo cha kioo cha maabara), pH (kipimo cha utindikali: ikiwa chini maji ni ya tindikali, ikiwa juu ni ya magadi) ikapanda hadi maji yakawa yanateleza vidoleni kama ya sabuni (nilikuwa na glavu, ila moja ilipasuka), na urani iliyotoka ilikuwa kidogo mno ukilinganisha na chokaa niliyomwaga. Tena maji ya pH ile huwezi kuyaachia mtoni, lazima uyashushe tena kwa tindikali.

Jibu nililiona kwa bahati siku ya kuosha vyombo. Nilimwaga tindikali kidogo kwenye bika lenye maji mabichi ya mgodi, na ubavuni mwa kioo vikatokea viputo vidogo sana, vimepangana kama shanga, vikaanza kupanda. Nikasimama nikivitazama. Ile ni kaboni dioksaidi! Maji yale yalijaa bikaboneti, yaani chumvi za kaboneti zilizoyeyuka, ambazo zikikutana na tindikali hugeuka gesi hiyo; na urani ikishikana na kaboneti haishuki. Inabaki imeyeyuka, chokaa inapita pembeni yake.

Kesho yake nilinunua pampu ndogo ya tangi la samaki, kama euro kumi na tano hivi. Nikashusha pH kwa tindikali ya haidrokloriki hadi chini ya 4, nikatumbukiza bomba la pampu, nikaacha hewa ibubujike majini kwa karibu nusu saa ili iifukuze kaboni dioksaidi. Fanya hivyo chini ya feni ya kutolea hewa nje, maana radoni, gesi yenye mionzi, nayo inatoka humohumo. Ndipo nikatia chokaa, kidogo tu kuliko mwanzo. Mabonge ya kahawia yakajikusanya mbele ya macho yangu na kuzama, na juu yake maji yakang'aa. Majibu ya kipimo yalipokuja, urani iliyobaki haikufika hata sehemu moja ya kumi ya ile ya mwanzo. Nilipiga kelele maabara nzima ikageuka.

Baadaye nilipotembelea mtambo wenyewe nikakuta ndivyo wanavyofanya, kwa mapipa makubwa kama nyumba: tindikali, hewa, kisha chokaa. Radiamu wanaitilia bariamu kloridi. Bariamu inashikana na salfeti iliyomo majini na kushuka, na radiamu inaifuata kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake. Aseniki inachukuliwa na kloridi ya chuma.

Tope ndilo watu hulisahau. Urani haikupotea, imehama tu kutoka majini. Kule tope huchanganywa na saruji likaganda, kisha linazikwa mahali palipoandaliwa, nalo linalindwa.

Juzi kijana wa Songea anayesomea uchimbaji, na anayefuatilia habari za mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo, aliniandikia: "Dada, kwa lita elfu moja natia chokaa kilo ngapi?" Nikamuuliza bikaboneti ya maji yake ni kiasi gani. Hajapima. Nimemwambia aanzie hapo, na pampu yangu ya samaki nitamtumia.