Alizeti ya kukamua inakaanga chipsi, msidanganywe

Nimechoka kuambiwa kwamba mafuta ya alizeti ya kukamua, yale yasiyosafishwa kiwandani, hayafai kwa chipsi. Nauza chipsi Nkuhungu, hapa Dodoma, na karai langu linatumia alizeti tupu, imelimwa Kongwa, imekamuliwa mashine ya mtaani. Bodaboda wanakula, wanafunzi wanakula, watumishi wanaotoka Mtumba, kwenye mji wa serikali, jioni wanashuka kwenye daladala wanakula, na kesho yake wanarudi.

Wanaoikataa wana hoja moja ya kweli, nayo ni povu. Mafuta yakitoka mashineni yakaenda moja kwa moja karaini, ukatia viazi, povu linapanda hadi linamwagikia mkaa. Moto unaruka, moshi unajaa kibanda, na kabla jioni haijaisha mafuta yameshakuwa meusi. Wenzangu wengi walikimbilia mawese yaliyosafishwa kwa sababu yanatulia. Siwalaumu, biashara ni biashara.

Mimi nilipigiwa kelele nitumie mafuta ya ng'ombe. Shemeji yangu ana bucha, akanishikia bango: "Shemeji, Wamarekani wenyewe wameyarudia, wewe unang'ang'ania mbegu!" Akanionyesha video kwenye simu. Habari yenyewe ni ya kweli. McDonald's, wenye migahawa mingi Marekani, walikuwa wakikaanga viazi vyao kwa mafuta ambayo sehemu kubwa yalikuwa ya ng'ombe, wakaacha mwaka 1990 baada ya kusakamwa na Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha aliyekuwa amepata shambulio la moyo. Mwaka 2025 Steak 'n Shake, migahawa mingine ya huko, wakayarudia, na waziri wa afya wa kule, Robert F. Kennedy Jr., akawapongeza.

Video zinaruka kipande cha katikati. Mafuta ya mimea yaliyochukua nafasi ya yale ya ng'ombe yalikuwa yameongezwa hidrojeni kiwandani ili yasiharibike haraka, na huko ndiko ilikotoka transfati, aina ya mafuta ambayo kwa moyo ni mbaya kuliko hata mafuta ya mnyama. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliyatoa mafuta hayo ya hidrojeni kwenye orodha ya vitu salama mwaka 2015, viwanda vikapewa hadi 2018 kuacha kuyatumia. Kosa lilikuwa la kiwanda. Alizeti iliyokamuliwa Kongwa haijawahi kuiona hidrojeni hiyo.

Hata hivyo nilijaribu, maana shemeji ni shemeji. Akanipa mafuta ya bucha ndoo nzima, nikayayeyusha, nikachuja. Jioni ya kwanza harufu ilivuta watu kutoka barabarani, chipsi za rangi ya dhahabu, povu hakuna. Nikafurahi sana. Lakini ilikuwa Julai, na mnaujua upepo wa Dodoma wa Julai. Aliyekula pale pale jikoni alisifu. Aliyefungiwa akapeleka nyumbani Chang'ombe alikuta mafuta yameganda meupe juu ya viazi. Kachumbari ya baridi ikigusa, ndiyo inazidi. Mama mmoja, mteja wangu wa siku zote, alirudi akaniambia, "Mwanangu, jana umeniuzia mshumaa." Nikamrudishia shemeji ndoo yake. Na hata yasingeganda, karibu nusu ya mafuta ya ng'ombe ni yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya. Kwenye alizeti ni kama sehemu moja tu ya kumi. Wapo vijana ambao chipsi zangu ndizo mlo wao wa kila jioni. Siwezi kusema hilo halinihusu.

Dawa ya povu nilipewa na mzee anayeendesha mashine ya kukamua. Aliniambia, "Mama, mafuta yako hayajanyweshwa maji." Nilidhani anatania, kwa sababu maji na mafuta ya moto kila mpishi anajua matokeo yake. Akanielekeza taratibu. Mafuta yapashwe yawe ya moto kiasi kwamba kidole hakivumilii, lakini yasifike moto wa kukaangia. Kwa ndoo ya lita 20 weka maji ya moto kama nusu lita, kidogo kidogo, ukikoroga polepole. Kisha acha yalale. Asubuhi nilikuta chini ute mzito wa kahawia, juu mafuta yanang'aa. Ule ute ndio uliokuwa unaleta povu na weusi. Umekunywa maji, ukawa mzito, ukazama. Nilimimina yale ya juu kwa uangalifu, nikayarudisha jikoni moto mdogo hadi yakaacha kulia, maana yakilia bado yana maji. Jioni ile nilijaza karai viazi, na povu halikufika hata nusu ya ukingo. Nilimpigia yule mzee simu nikiwa bado na mwiko mkononi.

Ila alizeti inataka adabu. Inachoka mapema kuliko mawese, kwa hiyo sikaangi siku baada ya siku kwa mafuta yale yale nikiongezea tu juu. Chumvi natia kwenye sahani, kamwe si juu ya karai, kwa sababu inayaharibu. Viazi navifuta maji. Punje zinazoungua nazichuja kila usiku, na ndoo haikai juani. Mafuta yakianza kunata na kutoa moshi mapema, yanaondoka.

Wapo wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama natumia mafuta ya transfoma, yale ya mitambo ya umeme, kwa kuwa chipsi zangu zinabaki kavu. Nawafungulia ndoo wanuse.

Gharama? Yanazidi mawese kidogo, na miezi mingine si kidogo. Nafuu yangu ni kununua magunia ya mbegu wakati wa mavuno, Mei au Juni, bei ikiwa chini, nikamue kidogo kidogo. Mbegu kavu inatunzika kuliko mafuta. Mashudu anachukua jirani mwenye nguruwe, na mafuta yaliyochoka anayanunua dada anayetengeneza sabuni. Hela yake inanisogeza kwenye mkaa.