Siku mpiga besi wetu alipotuumbua

Kipindi hicho napiga kinanda kwenye kibendi cha kopi, yaani tunapiga nyimbo za watu, tunazunguka mahotelini Unguja, na ukipiga muziki Unguja huikwepi Queen, ile bendi ya Uingereza aliyoimbia Freddie Mercury, maana watalii wakishazungushwa Mji Mkongwe wakaambiwa Freddie kazaliwa hapahapa 1946 basi usiku lazima waombe. Siku hiyo meza moja ya Waingereza ikatuma kikaratasi kwa weita, nyimbo tatu, juu imeandikwa za Freddie tafadhali. I Want to Break Free, Another One Bites the Dust na You're My Best Friend.

Mpiga besi wetu, mtu mzima, mpole, huongea kwa nadra, akakisoma akacheka. "Hapa hakuna wa Freddie hata mmoja. Zote katunga mpiga besi wao."

Tukajua anawapigia debe wenzake. Mwimbaji wetu akamwambia kaka acha hizo. Jamaa huku anatyuni akatushushia: John Deacon, mdogo kuliko wote mle, kaingia 1971 wa mwisho, kuimba hawezi, kwa hiyo akitunga anampa Freddie. Ule wa Best Friend kamtungia mkewe, na kile kinanda cha umeme unachokisikia mle kakipiga mwenyewe, maana Freddie alikikataa, alitaka piano ya kawaida. Hapo nikanyamaza, mi ndo nilikuwa naipiga hiyo sehemu kila wiki najiona nampigia Freddie!

Tukapanda. Dust ukishausikia kwa spika ya besi huna haja ya kuambiwa ni wa nani, noti ileile mara tatu, anaacha, ngoma inabaki peke yake, anarudi. Gita halina kazi kubwa mle na mimi ndo kabisa. Haishangazi ulishika namba moja Marekani 1980. Maweita waliweka trei chini wakacheza, na tukishuka wale Waingereza wakaja kumpa mkono nani? Mwimbaji. Kaka wa besi anakunja nyaya zake.

Kwenye gari dramaz, mpiga ngoma wetu, akamchokoza, na wewe unatunga?

"Ninazo kama nne."

"Mbona hujawahi kusema?"

"Nani kaniuliza?"

Akatoa gita kwenye mfuko, halijachomekwa popote, injini inanguruma, tukawa tunainamisha vichwa ili tusikie. Akapiga huku anatamka maneno tu kama anasoma barua. Wa kwanza ulikuwa mkali kweli, kibwagizo kinapanda, dramaz anagonga dashibodi, lakini mwimbaji kujaribu kuufuata sauti ikamkatikia njiani.

"Kaka, hapa juu mno, nani ataimba?"

"Mi siimbi, ntajuaje?"

Mazoezi yaliyofuata tukaanza na wa pili.