Misuli Inavyoliarifu Ini Wakati wa Mazoezi

Misuli ya mtu mzima huweka akiba ya glikojeni, yaani glukosi (sukari) iliyofungwa pamoja ili ihifadhiwe, ya takriban gramu 400, ilhali ini huweka gramu 100 hivi. Hata hivyo misuli ni bahili: haina kimeng'enya cha kuachilia glukosi iingie kwenye damu, kwa hiyo kilichomo pajani huishia pajani. Ini ndilo linalougawia ubongo na viungo vingine, na kwa sababu hiyo ni lazima lipate habari mapema kwamba mwenye mwili ameanza kazi.

Tuseme mtu anapanda mlima wa volkano wa Menengai kwa miguu kutoka upande wa Milimani, hapa Nakuru. Kongosho hupunguza insulini na kuongeza glukagoni, homoni inayoliamuru ini litoe sukari, nalo ini huanza kuvunja glikojeni yake. Hayo tulifundishwa shuleni. Ambalo hatukufundishwa ni kwamba misuli yenyewe pia hupeleka ujumbe. Mwaka 2000 watafiti wa Copenhagen, akiwemo Bente Klarlund Pedersen, walionyesha kwamba misuli inayojikunja hutoa interlukini-6, protini ambayo hapo awali ilihusishwa zaidi na chembe za kinga. Kadiri glikojeni ya msuli inavyopungua, ndivyo protini hiyo inavyomwagika kwa wingi damuni, na ikifika kwenye ini huchangia kuliongezea kasi ya kutoa glukosi.

Karibu na ukingo wa kreta, pale mwinuko unapokuwa mkali na mazungumzo yakakatika yenyewe, misuli hutoa laktati nyingi, zao la kuvunja glukosi kwa haraka. Watu wa jimu huilaumu kwa maumivu ya kesho yake, na mimi naona inaonewa, kwani huondoka damuni muda mfupi baada ya kupumzika. Sehemu yake husafiri hadi kwenye ini, ikageuzwa glukosi na kurudishwa msulini. Mzunguko huo una jina la Carl na Gerty Cori, mume na mke waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Gharama yake hulibebesha ini: hutumia molekuli sita za ATP, ambayo ndiyo nishati ya chembe, kutengeneza molekuli moja ya glukosi ambayo, ikivunjwa tena bila oksijeni, humpa msuli ATP mbili tu.

Usiku kucha ubongo hula akiba ya ini, huku ya misuli ikibaki karibu kama ilivyokuwa. Ndiyo maana anayepanda alfajiri bila hata kikombe cha uji anaweza kupata kizunguzungu ilhali miguu yake bado ina nguvu.