Annapolis kwa bakora

Mwanangu alitaka tuchukue kiti cha magurudumu. Nikamwambia atafute mama mwingine wa kukipanda. Mimi nimetoka Bagamoyo mpaka Marekani kwa soksi za kubana na miguu yangu mwenyewe, na Annapolis nitaitembelea kwa bakora. Hakubishana. Alinyamaza vilevile alivyokuwa akinyamaza utotoni baada ya kuficha kitu, na hapo ndipo ningemshtukia.

Kutoka kwao Baltimore ni mwendo usiofika saa moja. Mkwe wangu alitia chai kwenye chupa, nami nikakaa nyuma na mjukuu wangu wa miaka tisa, ambaye ndiye mume wangu na anajua hivyo. Wenye presha mtanielewa: kidonge cha asubuhi nacho kina safari yake. Tuliposhuka, kabla sijauliza lolote kuhusu mji, niliuliza choo.

Mji wenyewe ni mdogo, ila umekuwa makao makuu ya jimbo la Maryland tangu miaka ya 1690. Barabara zake zinaanzia kwenye viwanja viwili vya mviringo, kimoja cha kanisa na kimoja cha jengo la bunge, zikitawanyika kama mbavu za mwavuli. Kwenye ramani inapendeza. Chini ni matofali, na hayakulala sawa, kwa hiyo nusu ya Annapolis niliyoiona ni ncha za viatu vyangu.

Jengo la bunge lilianza kujengwa 1772 na wabunge wa jimbo wangali wanakutana humo. Kuba lake la mbao halina msumari, limeshikwa kwa vigingi na mikanda ya chuma. Nikasema, kumbe ni ndugu yake mtepe! Mume wangu akauliza mtepe ni nini, baba yake akajifanya anaangalia simu. Nikaeleza mwenyewe jinsi mbao za chombo kile zilivyoshonwa kwa kamba za nazi, nikisimama kila ngazi mbili. Hadithi ni kisingizio kizuri cha kupumzika.

Kati ya Novemba 1783 na Agosti 1784 hapa ndipo palikuwa makao makuu ya Marekani yote, kisha wakubwa wakahama. Sisi wa Bagamoyo hilo tunalijua, Wajerumani walituhama 1891 wakaenda Dar es Salaam. Ndani, katika ukumbi wa zamani wa Seneti, George Washington amesimama kwa shaba. Tarehe 23 Desemba 1783 alirudisha ukamanda wa jeshi mbele ya bunge la Marekani katika chumba hichohicho. Alikuwa na miaka 51, bado ana nguvu zake.

Ukumbi wa jirani zimewekwa sanamu za Harriet Tubman na Frederick Douglass, wapigania uhuru wa watumwa, tangu 2020. Wote wawili walizaliwa Maryland, watumwa, na chumba kimepangwa kama kilivyokuwa 1864, jimbo lilipofuta utumwa. Mama Harriet ni mfupi. Nilisimama ubavuni pake, tukalingana, mjukuu akacheka mpaka mlinzi akageuka.

Kisha tukateremka bandarini. Pale ukingoni pa maji mwandishi Alex Haley, naye wa shaba, ameketi, kitabu mkononi, watoto watatu wakimsikiliza. Haley aliandika kwamba babu yake wa kale, Kunta Kinte, aliletwa bandari hii akiwa mtumwa, kutoka Gambia kwa meli iitwayo Lord Ligonier, mwaka 1767. Niliketi karibu nao. Mbele yetu mashua za starehe zilipita polepole, watu wanakula aiskrimu.

“Na kwetu, bibi?”

Nikamwambia kwetu walifika pwani kwa miguu, kutoka mbali bara, wengine wamebeba pembe za ndovu.

“Nani aliwafunga?”

Ningeweza kutaja wageni tu, na isingekuwa uongo mtupu. Nikamwambia na watu wa mji wetu pia walikuwemo. Akatazama maji. Hakuuliza kama ni wa ukoo wetu, nami sikujua ningejibu nini. Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku hiyo.

Chakula cha mchana nilikula samaki. Kila mtu hapa anakula kaa, lakini kaa kwetu ana mjadala wake na masheikh, nami sikutaka kuufungua mezani.

Gari lilikuwa juu. Nilipoutazama ule mlima wa Main Street, magoti yalinijibu kabla sijayauliza kitu. Mwanangu akakohoa: “Mama, kiti kipo kwenye buti.” Alikipakia usiku!

Nikampa mume wangu bakora aibebe. Alikataa kuibeba tu, akataka kusukuma. Baba yake akashika upande mmoja, yeye upande mwingine, matofali yakanitikisa meno yaliyobaki, na tulipofika nusu ya kilima nikawaambia wasimame kwanza, kuna duka la kofia sijalitazama.