Detekta ya dhahabu: ya zamani au mpya?

Mtu anayetafuta detekta ya dhahabu hapa Uganda huambiwa kwamba ana njia mbili: anunue mashine ya kizazi cha zamani kwa bei anayoimudu, au achangishane na wenzake wanunue ya kisasa. Mimi naona sokoni mna aina tatu, na ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike: mashine ya modeli ya zamani iliyotoka kiwandani juzi, ikiwa bado ndani ya boksi na plastiki yake, na nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza.

Kwanza tuzieleze mashine halisi. Detekta za kawaida, ambazo hata leo ndizo za bei nafuu, hutuma wimbi lisilokatika na kulinganisha wimbi hilo na lile linalorudi kutoka ardhini. Zina faida yake. Gold Bug 2 ya Fisher, kwa mfano, hufanya kazi kwenye kilohezi 71 na husikia vipande vidogo sana vilivyo karibu na uso wa ardhi, na mashine za aina hii hujitahidi kutenganisha msumari na dhahabu. Tabu huanza unapozipeleka kwenye udongo wetu mwekundu wa maramu, kwa sababu chuma kilichomo humo nacho hujibu wimbi. Mashine hupiga kelele kila hatua, na mwenye nayo huishia kupunguza nguvu mpaka inanyamaza kabisa, pamoja na dhahabu.

Kampuni ya Minelab ya Adelaide, Australia, ilibadilisha hali hiyo mwaka 1995 ilipotoa SD 2000. Mashine hiyo hutuma umeme kwa mapigo mafupi, hukata, kisha husikiliza jinsi mwangwi unavyofifia. Udongo una namna yake ya kufifia na metali ina yake, kwa hiyo mashine huweza kuutoa udongo hesabuni na kuiacha metali isikike. Kutoka hapo ukaja ukoo wa GP, halafu GPX, hadi GPX 5000 ya mwaka 2010, ambayo ndiyo watu wengi humaanisha wanaposema detekta ya zamani. Zilizofuata ni SDC 2300 ya mwaka 2014, inayoweza kuzamishwa majini hadi mita 3, GPZ 7000 ya mwaka 2015, na GPX 6000 ya mwaka 2021.

Tofauti kubwa kati ya GPX 5000 na GPX 6000, kwa maoni yangu, haiko kwenye kina. Umeme unaoamshwa ndani ya punje ndogo ya dhahabu hufa haraka mno, na mashine ya zamani huanza kusikiliza baada ya umeme huo kwisha, hivyo hupita juu ya punje bila kujua. Ile mpya huwahi. Ndiyo maana mtu huweza kurudi nayo kwenye eneo lililokwisha kupitiwa na mashine za zamani akatoka na vijipande ambavyo wengine waliviacha. Kwa bonge lililozama chini zaidi, GPX 5000 yenye koili kubwa (lile duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi) bado ni mashine ya kuheshimiwa, na sioni sababu ya mwenye nayo kuiuza kwa sababu tu ya umri wake.

Kuhusu kina, msomaji anisamehe nikitia hesabu kidogo. Kwa kipande kidogo, umbali ukiongezeka maradufu, ishara inayorudi hupungua takriban mara 64. Kwa hiyo muuzaji anayekuahidi kwamba mashine yake huona dhahabu mita 10 chini ya ardhi anakudanganya, na yule mwenye kifaa cha antena mbili zinazozunguka mkononi anakudanganya zaidi. Vifaa vya namna hiyo visivyo na kitu ndani vilishawahi kumpeleka mtu gerezani: James McCormick wa Uingereza, aliyeiuzia Iraki ADE 651 kama kifaa cha kugundua mabomu, alihukumiwa miaka 10 mwaka 2013.

Jambo la pili ni mipangilio. GPX 5000 ina programu nyingi za kuchagua kulingana na udongo na ukubwa wa dhahabu, na aliyekosea kuchagua hutembea siku nzima na mashine iliyozibwa masikio. Ukiwa na fundi mmoja anayeishika peke yake na kuijua, wingi huo ni utajiri. Lakini huku mashine mara nyingi ni ya kikundi, asubuhi iko kwa huyu na jioni kwa yule, na kila mmoja huacha alama ya vidole vyake kwenye vitufe. GPX 6000 ina vitufe vichache: unachagua udongo wa kawaida au mgumu, unaweka kiwango cha usikivu au unaiachia ijipangie, basi. Kwa kikundi, hilo peke yake linaweza kuamua. Pia betri yake imepachikwa kwenye mashine, ilhali ya GPX 5000 hubebwa mgongoni na kuunganishwa kwa waya, na waya huo hunasa kwenye kila mti wa miiba.

Hata hivyo, zile za zamani zina rehema moja ambayo mpya hazina kwa kiasi hicho. Koili za ukoo wa SD, GP na GPX hadi 5000 huingiliana, na zipo zilizotengenezwa na kampuni nyingine, kwa hiyo koili ikipasuka huna lazima ya kurudi kwa mtengenezaji mmoja. GPX 6000 inataka koili zilizotengenezwa kwa ajili yake tu.

Sasa nirudi kwenye ile aina ya tatu. Mwaka 2015 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi waliingia kwenye kompyuta za Codan, kampuni inayomiliki Minelab, na kuiba michoro ya detekta. Nakala zikaanza kutengenezwa China na kuuzwa Afrika kwa bei ya chini. Zilizoigwa zaidi ni GPX 4500 na GPX 5000. Kwa hiyo mnunuzi anayekimbilia modeli ya zamani ili kuokoa fedha ndiye anayetembea moja kwa moja kuelekea kwenye bandia. Binafsi, GPX 5000 iliyochubuka, yenye mkono uliokwaruzwa na mwenyewe anayejulikana, hunitia moyo kuliko inayong'aa.

Ukienda kuijaribu, usikubali ile michezo ya kupitisha pete ya ndoa mbele ya koili mezani. Hata mbovu huisikia pete. Chukua chembe ya dhahabu yenye uzito wa sehemu ya gramu, ibandike kwa gundi kwenye kadi ya plastiki, kisha ilaze juu ya udongo mwekundu wenyewe. Washa mashine, isawazishe na ardhi, ipandishe na kuishusha koili taratibu, na usikilize ule mlio wa chini usiokatika. Ukibaki umetulia, endelea; ukipanda kila koili inapokaribia ardhi, rudisha mashine kwa mwenyewe. Halafu igonge koili ubavuni kwa kidole. Koili nzima hunyamaza, na ile ambayo nyaya zake zimelegea hulia kana kwamba imeona kitu. Mwisho andika namba ya mashine na umuulize mtengenezaji kabla hujatoa shilingi yoyote.

Uamuzi wangu hutegemea unakokwenda. Kwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, ambako dhahabu ya juu juu hupatikana mchangani na kwenye vijito vikavu upande wa Moroto, detekta ya mapigo ina kazi, na mwenye fedha achukue GPX 6000. Asiye nazo achukue GPX 4500 au 5000 halisi iliyotumika. Ajiandae kuchimba maganda ya risasi, kwani GPX 6000 haibagui metali kabisa na ile ya zamani hubagua kwa kubahatisha. Akumbuke pia kwamba Sheria ya Madini ya mwaka 2022 inawatambua wachimbaji wadogo lakini inadai leseni, na hakuna mashine inayokuja na leseni ndani ya boksi.

Kwa sisi wa Busia, mpakani na Kenya, hesabu ni nyingine. Dhahabu ya Tira na vijiji vya jirani imo ndani ya mishipa ya mawe, nayo kwa sehemu kubwa ni unga ambao hakuna koili inayousikia, iwe ya mwaka 1995 au ya 2021. Kikundi cha hapa kikinijia na fedha za detekta, nitakiambia kinunue karasha ya kusagia mawe.