Hela za kikoba
Jana jioni nilikuwa na 150,000 za kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sanduku letu lina kufuli tatu na washika funguo tunakutana Jumamosi tu, kwa hiyo waliochelewa hunikabidhi mimi.

Nikapita Kiborloni, kwenye mitumba. Koti zito, zuri, 35,000, na baridi hii ya Julai hapa Moshi! Nikajisemea nitarudisha Ijumaa, nani atajua? Noti nimeshazitoa.

Ndipo nikamkumbuka yule mama wa ndizi pale Mbuyuni, alivyofungua pindo la khanga akazihesabu mara mbili kabla ya kunipa. Nikamrudishia muuzaji koti lake, nikamwomba radhi.

Kilichonitisha ni wepesi wa lile neno "nitarudisha". Asubuhi nimempelekea mwenyekiti hela zote. Koti nitalifuata mwisho wa mwezi, likiwepo.